Nusu Kanda Iliyobaki Jericho

Mnamo Agosti 1996, shule zikiwa zimefungwa, watu watatu walifika katika ukumbi wa mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi wakiwa na kamera mbili, taa nne na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha buluu. Walikuja kurekodi kipindi cha majaribio cha chemshabongo kwa Kiswahili, ambacho walinuia kukiuza kwa kituo kimoja cha televisheni. Washindani walikuwa wanne, wote wakazi wa Jericho, Maringo na Makadara: karani wa reli, muuguzi, fundi wa redio, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa jirani yetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, nimeketi safu ya tatu pamoja na vijana wenzangu, tukiwa tumeonywa tusipige miluzi. Kituo hakikukinunua kipindi hicho, na hakikuonyeshwa hata siku moja.

Kilichosalia leo ni dakika 22. Mwalimu, ambaye sasa ni mzee aliyestaafu, alipewa nakala moja katika kanda ya VHS kama ahsante ya kushiriki. Nilipomtembelea mwaka jana aliitia katika mashine yake kuukuu, na jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa harusi ya bintiye ya mwaka 1999: akina mama wakipiga vigelegele, bwana harusi akitokwa jasho, keki ikikatwa. Kisha picha ikatetemeka, ikawa kama mvua ya mchele, na ghafla akatokea mtangazaji wa chemshabongo katikati ya sentensi yake: "...basi nipe mji."

Msomaji anayefahamu utegaji wa vitendawili ameelewa mara moja. Anayetega akisema "Kitendawili," hujibiwa "Tega." Waliotegewa wakishindwa, hudaiwa mji, na akiisha kupewa, huusifu, hueleza alivyofika huko na alivyokirimiwa, kisha ndipo hutoa jibu. Mtangazaji yule, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Mombasa, aliamua kuuleta utaratibu huo mbele ya kamera. Vipindi vya aina hii tulivyovizoea vilikuwa na neno "pasi" kwa mshindani aliyeshindwa na swali. Yeye aliliondoa, akaweka mji mahali pake.

Karani wa reli alipokwama alitoa Kisumu, na hakuna aliyeshangaa. Mwalimu alitoa Lamu, kwa madaha. Fundi wa redio aliposhindwa na swali kuhusu ziwa Turkana alitoa Dandora. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mtangazaji akasema Dandora si mji, ni mtaa. Fundi akamwuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kuipima, na sauti kutoka nyuma zikamuunga mkono. Mabishano yale yalichukua karibu dakika mbili nzima za kanda, na katika dakika hizo mbili mna Kiswahili kingi cha Eastlands kuliko nilichopata kukisanya kwa dodoso katika mwaka mzima wa utafiti. Kila aliyewahi kumwekea mzungumzaji kinasa sauti mbele ya mdomo anajua jinsi ulimi unavyovaa suti papo hapo. Ukumbini mle watu walisahau kamera kwa sababu walikuwa wakitetea heshima ya Dandora.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunapoomboleza kanda za zamani za televisheni zilizofutwa, aghalabu tunataja michezo ya kuigiza, muziki na hotuba za wakuu. Vioja Mahakamani na Vitimbi vina watetezi wengi, nami ni mmojawapo. Lakini taarifa ya habari husomwa kutoka karatasini, na mwigizaji, hata anapobuni maneno yake papo hapo, huwa amevaa uhusika. Mshindani wa chemshabongo ni raia wa kawaida anayesema kwa haraka, mbele ya watu, akiwa na hamu ya kushinda. Ni nadra televisheni ya miaka ile kutupa usemi wa namna hiyo. Na kipindi cha majaribio kinapita vyote, kwa kuwa humo hata mtangazaji mwenyewe bado anatafuta maneno. Kipindi kikiisha kuzoeleka, istilahi zake huganda; siku ya kwanza bado ni laini.

Nitoe mfano mmoja. Mbele ya kila mshindani paliwekwa kitufe cha kengele. Katika dakika za mwanzo za sehemu iliyosalia, mtangazaji anasisitiza "bonyeza", kama wasemavyo watu wa pwani na kama kamusi zinavyotaka. Washindani wanamjibu kwa "finya", kama tulivyosema na tunavyosema hapa Nairobi. "Mimi ndimi niliyefinya kwanza!" anateta muuguzi. Kufikia dakika ya 15 mtangazaji anasema "bonyeza, yaani finya." Kufikia dakika ya 20 anauliza waziwazi, "Nani amefinya?" wala hajitambui. Vitabu vyetu vya isimujamii huandika sura nzima juu ya wasemaji wanavyosogeleana kilugha. Hapa msogeo huo unaweza kuutazama kwa macho yako, ukiwa na saa mkononi. Kisha kuna fundi, ambaye alipoambiwa zawadi ni shilingi 500 aliuliza kama ni "soo tano taslimu". Soo ya Sheng na taslimu ya wafanyabiashara wa pwani katika pumzi moja! Makala ya Profesa Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde kuhusu Sheng na Engsh yalichapishwa mwaka uliofuata, 1997. Natamani wangeliiona kanda hii.

Nusu iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na maelezo ya kanuni. Humo ndimo mtangazaji alimoleta neno mji kwa mara ya kwanza. Je, alilazimika kulieleza, au ukumbi ulilijua? Mwalimu anashikilia kwamba mtangazaji aliwauliza watu wainue mikono, na wengi wakainua. Mimi nakumbuka vingine: nakumbuka muuguzi ndiye aliyelipendekeza, baada ya kulicheka neno pasi kwamba ni la kupigia nguo. Tulibishana jioni nzima, tukanywa chai birika mbili, na kila mmoja akabaki na lake. Swali si dogo. Ikiwa watoto wa wahamiaji waliotoka kila pembe ya nchi walikuwa wakiujua utegaji wa pwani bila kufundishwa, basi historia ya Kiswahili cha mitaa hii yahitaji kuandikwa upya katika aya zake kadhaa.

Simlaumu mwalimu, wala bintiye. Kanda ya VHS ina kijino cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, mashine hukataa kurekodi juu yake. Mwalimu alikivunja mwaka 1996. Lakini ukibandika selotepu mahali pale, mashine hudanganyika, na siku ya harusi mtu fulani katika nyumba ile, kwa kukosa kanda mpya, alibandika selotepu. Kipande chake kipo hadi leo, kimegeuka rangi ya chai.

Wenye fedha nyingi kuliko mwalimu walifanya vivyo hivyo. Huko Marekani kipindi cha maswali cha Jeopardy! kilianza mwezi wa Machi 1964 katika mtandao wa NBC, kikaonyeshwa zaidi ya mara 2,700 hadi mwaka 1975, na karibu vipindi vyote hivyo vilifutwa ili kanda zitumike tena. Vilivyosalia ni vichache mno. Nchini Uingereza, Who Wants to Be a Millionaire?, kilichoanza kuonyeshwa na ITV tarehe 4 Septemba 1998, kilitanguliwa na rekodi ya majaribio iliyokuwa na muziki mwingine kabisa, ambao waandalizi waliukataa. Ulimwengu unaijua sauti ya kipindi kile kama kwamba ilizaliwa nacho, kumbe ilikuja baadaye. Kanda za studio zilikuwa ghali, nafasi ya kuzihifadhi ilikuwa finyu, na hakuna aliyedhani kwamba swali likishajibiwa litatamaniwa tena. Kwetu televisheni ilianza mwaka 1962, shirika likawa Sauti ya Kenya mwaka 1964, na likalirudia jina la KBC mwaka 1989. Katika muda wote huo mantiki ya bei ya kanda haikuwa tofauti na ya New York.

Tofauti ni kwamba Eastlands ina makabati. Miaka ya themanini na tisini, aliyekuwa na mashine ya video alirekodi kila alichoweza, nasi majirani tulijaa sebuleni mwake hadi dirishani. Kanda hizo zingali chini ya vitanda na juu ya kabati za vyombo, kuanzia Kaloleni hadi Umoja. Wakati nao hauko upande wetu. Unyevu huota ukungu juu ya utepe, unga wa sumaku hubanduka, na kampuni ya mwisho duniani iliyotengeneza mashine za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Nyumba kongwe za iliyokuwa halmashauri ya jiji nazo zinaanza kubomolewa kupisha maghorofa, na mtu anayehama hubeba kitanda na jiko kabla ya sanduku la kanda. Idara zetu za Kiswahili zingeweza kununua mashine mbili za mitumba, zikamweka mwanafunzi mmoja wa uzamili penye meza, na kuwatangazia wenyeji kwamba atakayeleta kanda atarudishiwa siku hiyohiyo pamoja na nakala. Nimeandika pendekezo la gharama hizo; ni ndogo kuliko za kongamano moja la siku mbili.

Nilimwomba mwalimu aniazime kanda yake. Alikataa. "Ukiichukua kwa sababu ya kile kipindi, mwanangu, utakuwa umeichukua harusi ya msichana wangu," aliniambia. "Kaa hapahapa uitazame." Nilirudi Jumamosi iliyofuata na kamera, nikanakili vyote viwili, keki na Dandora. Nilipokuwa nikiaga, mkewe alitoka chumbani na kanda nyingine iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "Ukumbini, Agosti". Haina lebo ya duka, na utepe wake umeshikana kwa ukungu mweupe. Hatukuthubutu kuitia katika mashine. Imo ofisini mwangu, ndani ya mfuko mkavu, ikimsubiri mtu anayejua kuisafisha bila kuikata.