Motokaa Kuukuu Isiyotaka Kuwaka

Msimu wa mvua uliopita, usiku wa manane, tulisikia hodi mlangoni. Jirani yetu hapa Nkende alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na kwa hali aliyokuwa nayo hakuweza kupakiwa kwenye pikipiki. Tukakimbilia Land Rover yetu kuukuu. Taa ziliwaka vizuri, lakini tulipobonyeza swichi ya kuwashia, ikalia “tak!” mara moja, kisha kimya. Ahsante kwa nchi yetu ya vilima: vijana sita waliisukuma mpaka kwenye mteremko, tukaingiza gia ya pili, tukaachia klachi, nayo ikanguruma. Mama alifika hospitali ya Tarime kwa wakati, na mtoto ni mzima. Baba yake hutucheka mpaka leo kila atuonapo tukifungua boneti.

Asubuhi yake fundi mmoja alitazama na kusema, “Betri imekufa.” Tukanunua mpya, na bei yake haikuwa ndogo. Siku ya tatu ikalia “tak!” tena. Hapo ndipo tulipoamua kuufuata umeme hatua kwa hatua, wala si kubahatisha. Na kwa kuwa walimu na wazee wengi wa Tarime na Serengeti wangali na magari ya namna hii, twaona yafaa kuwaeleza.

Stata ni mlaji mkubwa kuliko vyote ndani ya motokaa. Taa moja kubwa ya mbele hutumia ampea 4 au 5 tu, bali stata ikianza kuzungusha injini yenye baridi huvuta ampea 200, pengine na zaidi. Sasa tuseme vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe, navyo vinazuia umeme kwa kadiri ya omu 0.02. Ni kizuizi kidogo mno. Taa ya ampea 5 itapoteza sehemu moja ya kumi ya volti, na jicho halitaona tofauti. Lakini ampea 200 zikitaka kupita palepale, volti 4 zingepotea njiani, na stata ingebaki na 8 tu kati ya 12. Ni kama bomba lililoingia tope: maji ya kujaza kikombe yatapita, lakini jaribu kunywesha ng’ombe hamsini! Kwa hiyo mtu asemaye, “Betri ni nzima, mbona taa zawaka?” hajathibitisha neno.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, na mwenzako asimame kando akizitazama. Kisha bonyeza swichi ya kuwashia. Taa zikififia sana au kuzimika, ama betri haina nguvu, ama vichwa vyake ni vichafu au vimelegea, ama stata imekwama. Taa zisipofifia hata kidogo, basi umeme wenyewe haupiti kwenye stata: tazama swichi, solenoidi, brashi za ndani ya stata, na njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Njia hiyo ya kurudi ndiyo isahauliwayo na wengi. Umeme sharti uende na urudi. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo upo waya mnene, mara nyingi wa kusukwa, uunganishao injini na chesisi. Umeme wa taa haupiti hapo kabisa. Ndiyo sababu usiku ule taa zetu hazikufifia, na solenoidi, iliyofungwa kwenye bodi, ikaweza kulia “tak!” huku stata imelala. Aliye na mita na aguse kwa ncha moja kichwa cha betri kilichofungwa kwenye chesisi, na kwa nyingine chuma kitupu cha injini, huku mwenzake akibonyeza. Ikizidi nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Yetu ilionyesha karibu 7. Asiye na mita na apapase viungo baada ya kubonyeza mara kadhaa. Kiungo kibovu huwa cha moto.

Betri nayo hupimwa ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni kujaa, na 12.2 ni kama nusu. Usiikaribie na kiberiti wala sigara, maana hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Stata za zamani zina ugonjwa wao pia: jino hukwama kwenye gurudumu la injini. Zima swichi, ingiza gia ya juu, ulitikise gari mbele na nyuma mpaka lifunguke.

Tahadhari moja kubwa. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 zimefungwa upande wa chanya kwenye chesisi, kinyume cha magari ya leo. Ukiazima umeme wa gari jipya, chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi, na miili ya magari hayo mawili isigusane kamwe. Tena kabla ya kufunga betri, tazama ni upande upi ushikao chesisi; usifuate mazoea.

Ikiwa injini yazunguka kwa nguvu lakini haishiki, stata haina kosa. Tafuta cheche kwenye pointi na plagi, kwa maana vumbi letu hupenda kukaa hapo.

Wengi wana hendeli bado. Kabla Charles Kettering hajatengeneza stata ya umeme, ambayo Cadillac waliitia katika magari yao ya mwaka 1912, hendeli ilivunja mikono mingi, kwa kuwa injini huweza kurudi nyuma ghafula. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, nawe uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini.

Waya wetu ulikuwa mzima. Kutu ilikuwa chini ya bolti yake. Tulisugua kwa msasa mpaka chuma kikang’aa, tukakaza, tukapaka grisi juu. Na betri ile iliyosemwa imekufa inawasha taa nyumbani kwa mwalimu mwenzetu.