Antivairasi Inakula Nguvu Zote za Laptopu? Usiiondoe Kabla Hujasoma Hapa

Wiki hii nilipanga tuendelee na kitalu cha vitunguu, lakini kuna jambo limenikuta shambani kwa kijana mmoja, nikaona vitunguu visubiri kidogo.

Najua kuna watakaouliza, bwana shamba na kompyuta wapi na wapi? Ni kweli, mimi nina diploma ya kilimo, sio fundi wa kompyuta. Lakini vijana ninaowatembelea siku hizi wanatunza kumbukumbu kwenye Excel, wanatuma ankara kwa barua pepe, wengine wana picha za droni za shamba zima. Laptopu imekuwa zana kama pampu ya maji. Ikigoma, kazi inasimama.

Kijana mwenyewe analima nyanya na hoho, ekari nne. Alinipigia jioni moja. "Shikamoo bwana shamba. Mafaili yangu hayafunguki. Hata moja."

Kumbe ilianza hivi. Laptopu yake ilikuwa nzito, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga, ukiandika neno linatokea baada ya sekunde tatu. Rafiki yake akaangalia, akamwonyesha kwamba antivairasi ndiyo inayokula prosesa, asilimia tisini na kitu. Akamwondolea. Wiki mbili laptopu ikakimbia kama mpya. Halafu kijana akapakua kutoka mtandaoni kile kiprogramu cha kuvunja leseni, ili atumie programu ya uhasibu bila kulipa. Kesho yake mafaili yote yalikuwa yameota mkia mgeni mwisho wa jina, na kila folda ina ujumbe unaodai dola ili yafunguliwe.

Zilikuwa zimebaki siku tisa apeleke kumbukumbu za mauzo za misimu mitatu kwa watu waliokubali kumkopesha vifaa vya umwagiliaji wa matone. Misimu miwili tuliipata kwa bahati tu, kwa sababu aliwahi kunitumia WhatsApp nimkagulie gharama za uzalishaji. Msimu wa tatu tukaanza kuunakili upya kutoka kwenye vitabu vya risiti na meseji za M-Pesa, usiku kwa usiku.

Kinachoniuma ni kwamba rafiki yake hakukosea kwenye ugonjwa. Antivairasi kweli ilikuwa inakula. Alikosea kwenye dawa.

Sasa tuelewane kwanza hii kitu inafanya nini. Antivairasi ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya kila sekunde: kila faili unalofungua, kila kinachopakuliwa, kila flashi unayochomeka, inakitazama kabla hakijafanya kazi. Hii kwa kawaida haili sana. Ya pili ni ukaguzi wa shamba zima, mstari kwa mstari, yaani kupitia kila faili kwenye diski. Hapo ndipo prosesa inapotoka jasho. Kwa hiyo kupanda kwa matumizi sio ugonjwa wenyewe. Swali ni linapanda lini, kwa muda gani, na kwa sababu gani.

Kuangalia ni rahisi. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Bonyeza juu ya safu iliyoandikwa CPU ili mlaji mkubwa apande juu. Ukiona "Antimalware Service Executable", hiyo ni Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Ukiona jina la antivairasi nyingine uliyoweka, sawa. Ukiona kivinjari chako chenye kurasa thelathini zilizofunguliwa ndicho kiko juu, basi acha kumsingizia mlinzi, funga kurasa.

Halafu subiri. Usihukumu kwa dakika moja. Antivairasi ikishawekwa mara ya kwanza, ikipokea masasisho, au ukichomeka flashi iliyojaa, itapanda na baadaye itashuka. Ikikaa juu saa nzima na wewe hufanyi chochote, au ikirudia kila siku muda uleule, hapo una la kushughulikia.

Kuna jambo moja la kukagua mapema. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya hilo jina, chagua "Open file location". Defender halali inakaa ndani ya folda za Windows Defender, ama chini ya Program Files ama chini ya ProgramData. Ikikupeleka kwenye folda ya Temp, au Downloads, ujue huyo ni chui ndani ya ngozi ya kondoo. Kuna virusi vinavyojipa majina ya walinzi huku vinatumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Umeme unalipa wewe. Hapo ingia Windows Security, sehemu ya "Virus & threat protection", kisha "Scan options", uchague ukaguzi wa "Microsoft Defender Offline". Kompyuta itajizima na kuwaka, itakagua kabla Windows haijaamka vizuri, kwa kawaida kama robo saa hivi. Hifadhi kazi yako kwanza.

Tukija kwenye sababu zenyewe, ninayoikuta mara nyingi ni walinzi wawili. Na hapa naongea kwa aibu, kwa sababu ilinikuta mimi. Laptopu yangu niliinunua imetumika, ina RAM ya GB 4. Ilikuja na antivairasi moja ya majaribio iliyokwisha muda. Mimi nikaongeza nyingine ya bure, nikaona mbili ni bora kuliko moja. Miezi minne nikawa naandika ripoti za kata huku nanywa chai kati ya sentensi na sentensi.

Wewe mkulima unajua kwamba sio kila dawa zinachanganyika kwenye bomba moja. Nyingine zikikutana zinaganda, zinaziba nozeli, na wadudu hawafi. Antivairasi mbili ni hivyohivyo. Moja ikifungua faili kulikagua, ya pili inaona faili limeguswa, nayo inalikagua, na ya kwanza inaona tena. Zinaweza hata kushikana mashati, kila moja ikimwona mwenzake ni mhalifu. Defender yenyewe ina adabu, ukiweka antivairasi nyingine inayotambulika na Windows inajiweka pembeni. Tatizo linakuja ukiwa na mbili za nje, au moja iliyokwisha muda ambayo hailindi lakini bado imekaa mlangoni.

Chagua moja. Nyingine iondoe kwa njia ya kawaida, Settings, kisha Apps, kisha "Uninstall". Usifute folda yake kwa mkono, utaacha mabaki yanayosumbua. Watengenezaji wengi wana kiprogramu chao cha kusafisha mabaki, kipakue kwenye tovuti yao wenyewe, sio kwingine. Washa kompyuta upya, halafu ingia Windows Security uhakikishe kuna ulinzi mmoja na umewaka. Kwa wengi wenu Defender inatosha, haina malipo na haikusumbui na matangazo.

Baada ya hapo angalia ratiba. Hakuna anayepiga dawa saa tano asubuhi nyuki wakiwa kwenye maua, tunapiga jioni. Ukaguzi wa shamba zima nao una saa yake. Antivairasi nyingi zimepangwa kukagua usiku, lakini wewe usiku umezima laptopu na umeifunga kwenye begi. Matokeo yake ukaguzi ulioukosa unakungoja asubuhi, dakika ileile unayotaka kuandika oda ya mteja. Panga saa ambayo laptopu imewaka, ipo kwenye chaji na wewe huitumii. Mimi yangu ni mchana wa Ijumaa nikienda kula.

Kwa Defender, tafuta Task Scheduler kwenye menyu ya Start. Fungua Task Scheduler Library, Microsoft, Windows, Windows Defender, utakuta "Windows Defender Scheduled Scan". Bonyeza mara mbili, nenda "Triggers" uweke siku na saa yako. Kwenye "Conditions" unaweza kuweka ianze tu kama kompyuta imepumzika na ipo kwenye umeme. Antivairasi za nje zina ratiba kwenye mipangilio yao zenyewe.

Kama ukaguzi lazima ufanyike ukiwa kazini, unaweza kuupunguzia sahani. Fungua PowerShell kama msimamizi, yaani bonyeza kulia uchague "Run as administrator", andika mstari huu kama ulivyo:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida ni 50, hapo umeambia Defender ilenge wastani wa asilimia 20 ya prosesa kwenye ukaguzi uliopangwa. Ni wastani, sio ukuta, kwa hiyo usishangae ikiruka juu kidogo. Na kompyuta ikiwa imepumzika inaweza kwenda kasi zaidi, ambayo haina shida maana hupo. Ukaguzi utachukua muda mrefu kuliko zamani, hiyo ndiyo bei yake. Ule ukaguzi wa kila sekunde haujaguswa na amri hii, uko palepale.

Wenye droni, hii ni yenu. Ruka moja juu ya shamba la mahindi inaleta mamia ya picha, na programu ya kuunganisha ramani inafungua kila picha mara nyingi. Kila ikifunguliwa, mlinzi anaitazama. Hapo inafaa kumwambia mlinzi folda hiyo aiache: Windows Security, "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions", uongeze folda ya picha. Lakini nisikilize vizuri. Folda uliyoiondolea ulinzi ni kama ua lenye tundu, chochote kikiingia humo hakionekani. Weka picha tu, na kazi ikiisha rudisha ulinzi. Kamwe usiiweke Downloads, wala Desktop, wala flashi, wala diski C nzima. Nimeona mtu ameweka C nzima na anafurahia kasi. Huyo hana antivairasi, ana jina lake tu.

Vilevile kuna laptopu ambazo shida yake sio antivairasi hata kidogo. Task Manager ikionyesha CPU iko chini lakini safu ya Disk iko asilimia 100, mara nyingi una diski ya zamani ile ya kuzunguka, ukibadili kwa SSD utaona tofauti kuliko mipangilio yote niliyoandika hapa. Wafugaji wa kuku, vumbi la bandani na manyoya vinaziba feni. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, halafu kazi ndogo inaonekana kubwa. Usifungulie laptopu bandani, na mpe fundi aisafishe ndani. Na kama bado uko Windows 7, masasisho yaliisha 14 Januari 2020. Windows 10 nayo, msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Antivairasi juu ya Windows iliyoachwa inafanya kazi ngumu kwenye nyumba isiyo na milango.

Wengine mtaniuliza, "Kwa nini nisiizime kwa muda tu, nimalize kazi, niiwashe?" Ukizima ulinzi wa Defender kwenye mipangilio, baada ya muda itajiwasha yenyewe, na imefanywa hivyo makusudi kwa sababu binadamu tunasahau. Ule uondoaji wa kijana wetu ulifanywa kwa kiprogramu kinachoing'oa isirudi. Kama kuna fundi au rafiki amekufanyia hivyo, kagua leo. Fungua Windows Security, kama haifunguki au sehemu ya ulinzi ni tupu, ndiyo hiyo.

Laptopu ya kijana tuliweka Windows upya, hakulipa dola yoyote. Yale mafaili yaliyofungwa tumeyanakili kwenye diski ya pembeni, kwa sababu kwa baadhi ya virusi vya aina hii funguo huja kupatikana baadaye. Defender imewashwa, ratiba tumeiweka Jumapili mchana, kikomo 20. Anasema bado inakuwa nzito kidogo Jumapili, nikamwambia Jumapili apumzike. Kumbukumbu zake sasa zinakaa sehemu mbili: kwenye laptopu, na kwenye Google Drive ambayo inatoa GB 15 bure. Faili la Excel la msimu mzima ni dogo kuliko picha moja ya simu, halili bando. Nakala ya tatu ipo kwenye flashi inayokaa kabatini, haichomekwi steshenari.

Siku ya tisa alipeleka misimu miwili kamili, na wa tatu nusu pamoja na vitabu vya risiti kama vilivyo. Wamempa wiki mbili amalizie. Jana usiku tulikuwa mwezi wa Agosti, kreti za hoho, na mwandiko wa dada yake kwenye risiti hausomeki vizuri.

Vitunguu tutaviendeleza wiki ijayo.