Kofia ya Chungwa na Uzito wa Wiketi

Tangu 2008, Ligi Kuu ya kriketi ya India humvika kofia ya rangi ya chungwa mpigaji mwenye mikimbio mingi zaidi ya msimu, na ya zambarau mrushaji aliyeangusha wiketi nyingi zaidi, yaani aliyewatoa wapigaji wengi zaidi. Ni hesabu ya wingi, kama ya mkata mkonge wa Kimamba anayehesabiwa mafungu. Lakini wingi si uzito: mwaka 2016 mpigaji Virat Kohli alifikisha mikimbio 973, na bado timu yake ya Bangalore ikashindwa fainali. Watetezi wa kofia hizi husema tarakimu hazina upendeleo. Kweli, jopo la watu wanaochagua mchezaji bora huweza kumbeba nyota. Ila tazama Pune, Februari 29, 1996, Kombe la Dunia. Kenya, yenye mikimbio 166 tu (hakuna Mkenya aliyefika 30!), iliwaangusha West Indies wote wakiwa na mikimbio 93. Nahodha Maurice Odumbe alirusha mizunguko (ova) 10, akaachia mikimbio 15 na kupata wiketi 3. Akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Wiketi 3 kwenye jedwali la msimu ni tone baharini. Kofia zibaki, ila pembeni yake ihesabiwe pia mikimbio ambayo mrushaji aliwanyima wapinzani.