Munkoyo: mzizi unaofanya kazi ya kiwanda

Ndugu wa Goma au Uvira akialikwa arusi ya kanisa huku Kolwezi, atapewa kikombe cha kinywaji cha rangi ya uji, kitamu, chenye harufu kidogo ya udongo. Hiyo ndiyo munkoyo. Ndugu zetu wa Zambia nao wanaitengeneza.

Inatengenezwa kwa unga wa mahindi na mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya maharagwe, ambayo wataalamu wanaiita Rhynchosia na Eminia. Mama anapika uji, anauepua, anaungoja upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo anatia mizizi iliyopondwa. Baada ya muda uji uliokuwa unashikamana na mwiko unakuwa mwepesi, tena mtamu, ingawa hakuna mtu aliyetia sukari. Utamu huo umetoka wapi?

Umetoka katika unga wenyewe. Wanga wa mahindi ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kama shanga kwenye uzi, na zikiwa zimefungwa hivyo ulimi hauonji utamu. Ndani ya mzizi kuna vimeng'enya vinavyoitwa amilasi, ambavyo kazi yake ni kukata uzi huo. Uzi ukikatika vipande, uji unalegea. Vipande vikiwa vidogo kabisa, ulimi unaonja sukari. Mate yetu yana amilasi pia: tafuna bukari (ninyi wa Kivu mnasema bugali) muda mrefu bila kumeza, utaonja. Na mtama uliochipushwa, ambao mama wengi wanautumia kwa pombe, unafanya kazi ileile.

Nimesikia wahubiri wakifananisha mzizi huu na chachu ya Matayo 13:33. Mfano unapendeza, lakini si sawa. Chachu ni kitu hai, inakula na kuongezeka. Kimeng'enya hakina uhai. Ni chombo, kama panga. Ndiyo maana mama anangoja uji upoe: joto kali linaharibu amilasi ya mzizi, na uji unabaki mzito.

Wenye viwanda walianzia mahali palepale alipo mama huyu. Mwaka 1833 Payen na Persoz, wanakemia wa Ufaransa, walitoa nguvu hii katika shayiri iliyochipuka. Mwaka 1894 Jokichi Takamine, Mjapani aliyekuwa akiishi Marekani, alipata hataza ya kuitoa katika ukungu unaotumiwa kwao kutengeneza pombe ya mchele. Baadaye ilipatikana bakteria, Bacillus licheniformis, ambayo amilasi yake inavumilia joto la kupita 100°C. Leo bakteria na ukungu wa namna hiyo wanafugwa katika matangi makubwa, na wataalamu wanabadilisha urithi wao ili kimeng'enya kikate vizuri zaidi. Kinatumika kutengeneza sukari ya maji kutoka mahindi, kulainisha mkate, kutoa madoa katika sabuni ya unga, na kutengeneza alkoholi ya kuendeshea magari.

Munkoyo nayo imechunguzwa katika maabara, Zambia tangu miaka ya 1980, na huku kwetu watafiti wa Congo pamoja na wa Ubelgiji walichapisha kazi yao mwaka 2012. Lakini mzizi hauwezi kushindana na tangi. Bakteria wanaongezeka usiku mmoja, na mzizi unakua polepole. Ukiung'oa wote, mmea umekufa. Hapo ndipo ninaona hatari. Pori la kandokando ya Kolwezi linakatwa kwa ajili ya makala na linafunguliwa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Parokia zenye shamba zingeweza kukusanya mbegu na kupanda, wakiongozwa na mama wanaoujua mmea wenyewe, maana si kila mzizi wa porini unafaa kunywewa.

Kuna pia lile swali la kila mwaka: Mkristo anywe munkoyo au asinywe? Kwa maoni yangu, tuulize kwanza ilitengenezwa lini. Ile ya leo ni tamu tu. Ikikaa, bakteria wanaigeuza kuwa chungu kama maziwa ya mgando. Ikikaa siku kadhaa, chachu ya hewani na ya kwenye vyombo inageuza sukari kuwa pombe. Kamati ya arusi inayoitengeneza siku tatu mapema inajua, au ingepaswa kujua, inachowapa watoto.

Jambo la mwisho ni la afya, kwa kuwa kipindupindu si mgeni katika mkoa huu. Mzizi unatiwa baada ya moto, kwa hiyo uchafu wake, wa maji yake na wa mikono haupikwi. Osheni mizizi vizuri kwa maji safi. Uji ukishakuwa mwepesi na mtamu, urudisheni motoni uchemke, kisha mfunike. Amilasi itaharibika, lakini imeshamaliza kazi yake, na utamu utabaki.