Ukoko wa Wino

Msomaji mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti mjini Morogoro ametuletea swali ambalo nadhani linawasumbua wengi wa kazi yake. Katriji ya printa ikiisha, huijaza mwenyewe kwa bomba la sindano na wino wa chupa. Mara ya kwanza picha hutoka safi, ya pili hali kadhalika, kisha siku moja nyuso za wateja zinaanza kukatwa na mistari myeupe. Baada ya hapo hata katriji ikijazwa pomoni haitoi kitu. Kama wino upo, anauliza, kilichokufa ni nini? Na lile ganda alipeleke wapi?

Sitaeleza jinsi rangi chache zinavyochanganywa zikawa rangi zote. Hilo limeandikwa sana na mimi halinisisimui. Kinachonisisimua ni kile kibati chembamba kinachong'aa chini ya katriji, ambacho maelezo ya kwenye pakiti hutuonya tusikiguse.

Katika katriji ndogo za HP na nyingi za Canon, kibati hicho ndicho uso wa kichwa cha kuchapia. Kimetobolewa mamia ya matundu, kila tundu jembamba kuliko unywele, na nyuma ya kila tundu kuna kipande cha filamu ya metali kinachopata moto umeme ukipita. Printa ikihitaji tone moja, hupeleka umeme kwenye kipasha joto hicho kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Hakuna pampu wala vali.

Hapa naomba tukae kidogo. Shuleni tuliambiwa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na wino wa printa hizi sehemu kubwa ni maji. Lakini kuchemka kwa nyuzi 100 kunataka utulivu: kiputo cha kwanza kinatafuta ufa au punje ya vumbi pa kuanzia, na kinahitaji muda wa kukua. Ndani ya katriji muda huo haupo. Joto hupanda kwa kasi inayofikia nyuzi milioni 100 kwa sekunde. Utando wa wino unaogusa kipasha joto, ambao unene wake haufiki hata sehemu ya elfu ya milimita, unapita nyuzi 100 ukiwa bado kimiminika. Unapita 200, bado kimiminika. Ukifika kwenye 300 hivi, maji yanakuwa yamefika ukingoni mwa uvumilivu wake, na utando mzima unageuka mvuke kwa mkupuo mmoja. Huko si kuchemka tena, ni kulipuka. Kiputo kinachozaliwa kinausukuma wino ulio mbele yake nje ya tundu kwa kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde. Wakati huo umeme umeshakatika, kiputo kinapoa na kuporomoka, na wino mpya unaingia kujaza nafasi yake. Kisha tundu lile lile linarudia, mara elfu kadhaa ndani ya sekunde moja.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 Ichiro Endo, mtafiti wa Canon nchini Japani, aliona chuma cha kulehemu kikigusa sindano yenye wino kwa bahati mbaya, na wino ukaruka nje. Watu wa HP kule Marekani walilifikia wazo kama hilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakaiuza ThinkJet, printa iliyoliingiza wazo hilo maofisini.

Sasa hesabu kidogo. Tone la printa ya picha lina ujazo wa pikolita moja hadi tano hivi, na mililita moja ni pikolita bilioni moja. Tukichukua matone ya pikolita tano, kila mililita ya wino ni milipuko milioni 200. Katriji ndogo ya rangi hubeba mililita chache. Yagawie matundu yake, na kila kipasha joto kinapata mamia ya maelfu ya milipuko, hata mamilioni, kabla katriji haijaisha hata mara moja.

Milipuko hiyo inaacha kitu. Rangi na viambato vya wino havipendi nyuzi 300. Kidogo kinaungua kila mara na kugandamana juu ya kipasha joto. Wahandisi wa Canon walipokuwa wakipambana na uchafu huu walikopa jina lake jikoni kwao: kwa Kijapani *koge* ni kitu kilichoungua, na *okoge* ni ule wali unaoshika chini ya chungu. Nimeona watu wakijaribu kuuita kwa Kiswahili "masizi ya kichwa", na sikubaliani nao. Masizi hukaa nje ya sufuria, upande wa moto. Huu unakaa ndani, upande wa chakula, na jina lake tunalo siku zote: ni ukoko. Wanaosema matandu nao hawajakosea. Mwenzangu wa meza ya lugha angependa "ugandamano wa kiungulio". Amwambie fundi yeyote wa printa maneno hayo, aone.

Jina hili linafaa kwa sababu tabia nazo ni zile zile. Sufuria iliyoshika ukoko haipitishi moto vizuri. Unaongeza kuni, chini kunazidi kuungua na juu wali bado mbichi. Ukoko wa wino nao unakaa kati ya kipasha joto na wino, kiputo kinazaliwa dhaifu, tone linakuwa dogo na la polepole, halitui linapotakiwa. Kila upishi unaongeza tabaka. Sufuria tunaloweka maji usiku kucha, asubuhi tukakwangua. Fundi naye huweka katriji juu ya karatasi laini iliyolowa maji ya uvuguvugu, na mara nyingi hufaulu, lakini anachofaulu kulainisha ni wino uliokauka kwenye matundu, sawa na kufuta mdomo wa sufuria. Mwiko wa kufika chini kabisa, bila kukwangua metali nyembamba kiasi kile, fundi wa mtaani hana. Na hapa ndipo ujanja wa watengenezaji unapoonekana: badala ya kuhangaika na ukoko milele, walikifunga kichwa pamoja na wino, ili kila ukimaliza chakula utupe na sufuria. Anayejaza katriji upya anapika tena katika sufuria iliyokusudiwa mlo mmoja. Inawezekana kabisa, kwa sababu sufuria ni nzuri kuliko inavyotangazwa, lakini haitapika bila kikomo.

Kuna kifo kingine, cha haraka zaidi. Wino ndio unaokipooza kipasha joto. Tundu likilipuliwa bila wino, joto halina pa kwenda, na filamu ile inaungua ikakatika. Hilo halirudi. Printa nyingi za aina hii haziutazami wino, zinahesabu matone ziliyotoa na kukisia kilichobaki, kwa hiyo onyo la kwanza huja wino ungali umo. Wengi wetu kwa ubahili tunaendelea kuchapa mpaka karatasi itoke nyeupe, ndipo tunatafuta sindano. Ubahili huo unaunguza vichwa. Onyo likija, jaza.

Na ujaze taratibu. Ndani ya katriji hizi kwa kawaida kuna sponji, na vitundu vya sponji huushika wino na kuuvuta kidogo ndani. Mvuto huo ndio unaouzuia kuchuruzika kupitia matundu. Ukiijaza pomoni, kama anavyosema msomaji wetu, sponji inazama na kupoteza mvuto. Ukisukuma bomba kwa haraka, unaingiza hewa inayokaa njiani kati ya sponji na kichwa, na katriji iliyojaa inakuwa kama tupu.

Printa za Epson ni habari nyingine. Zenyewe hazichemshi kitu. Mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba kristali fulani zikibanwa hutoa umeme, na mwaka uliofuata ikathibitika kuwa zikipewa umeme hujivuta. Kichwa cha Epson kinausukuma wino kwa kujikunja kwa namna hiyo, bila moto, kwa hiyo bila ukoko, na kinabaki ndani ya printa kwa miaka. Katriji yake ni tangi tu lenye chipu ya kuhesabu. Mafundi wa Indonesia na kwingineko walilielewa hilo mapema: walipitisha mipira myembamba kutoka chupa za nje hadi kwenye kichwa, wakaidanganya chipu, wakachapa kwa bei ya chini. Mwaka 2010 Epson ikasalimu amri, ikaanza kuuza hukohuko Indonesia printa zenye matangi ya kujaza kwa chupa. Printa za ukoo huo, zenye rangi sita, ndizo zilizojaa sasa katika studio zetu. Wino wake, hata hivyo, usiutie kwenye katriji ya HP: haukutengenezwa kukutana na nyuzi 300.  

Watengenezaji wengine hawakusalimu amri. Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji zenye chipu za wengine, kazi ya programu iliyokuwa imelala ndani yake. Mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10 mwaka 2020 kwa kutowaeleza wateja vikwazo vya namna hiyo. Kwa upande wa katriji za tona, ule unga wa printa za leza, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Mei 2017, katika kesi ya Lexmark dhidi ya kampuni ndogo ya West Virginia, kwamba ukishauza katriji, hataza haikupi tena sauti juu ya anayeijaza.

Basi ganda liende wapi? HP hukusanya yake, na kule Montreal, Kanada, kampuni ya Lavergne husaga plastiki yake, huichanganya na ya chupa za maji, ikarudi kuwa katriji. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Sina ugomvi na kusaga, ila kusaga kwanza ni hasara: plastiki ndiyo sehemu isiyo na thamani pale, na kilichogharimu akili ni kile kibati. Wanaojaza katriji kiwandani wanalijua hilo. Hukipima kila kipasha joto kwa umeme kabla ya kutia wino, na maganda wanayoyalipia vizuri ni yale yaliyotumika mara moja tu, ambayo ukoko wake bado mwembamba. La msomaji wetu, lililojazwa mpaka likakataa, biashara hiyo hailitaki tena. Alifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu wino uliobaki bado unatia madoa, alikusanye na mengine, alipeleke kusagwa. Linalofuata, alijaze onyo likija.