NJIA YA CHUONI IWE SALAMA

Jua la Visiwa vyetu likishatua, haipiti nusu saa kiza kimekwisha ingia, iwe masika au kiangazi. Ni wakati huo ambapo wanafunzi wengi wa vyuo hutoka katika darasa za mwisho, vitabu mkononi, wakielekea kituo cha daladala au vyumba walivyokodi katika vijiji vya jirani. Hutembea pembezoni mwa lami, mmoja nyuma ya mwengine, na gari huwapita kwa kasi. Mzazi aliyeko Pemba, aliyejinyima ili mwanawe aje Unguja kusoma, hana khabari ya safari hiyo fupi. Sisi tunaona wakati umefika wa kuizungumza.

Tangu tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila ya malipo, Visiwa hivi vimefanya kazi kubwa ya kuwafungulia vijana milango ya elimu. Mwaka 1999 ilitungwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na leo pale Tunguu, katika Wilaya ya Kati, vipo vyuo vikuu viwili. Barabara ipitayo Tunguu ndiyo iendayo Jozani, Paje na Makunduchi. Huitumia daladala, gari za mizigo, vespa, baskeli na gari za watalii wanaowahi pwani. Hatusemi haya kwa kukinyooshea kidole chuo chochote. Popote chuo kinapojengwa kando ya barabara kuu, Unguja au Pemba, suala ni hilo hilo: vijana wanaokwenda kwa miguu watapita wapi?

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kadiri ya mmoja katika kila watano waliokufa alikuwa akienda kwa miguu. Shirika hilo linaeleza pia kwamba gari inapomgonga mtu katika mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne kuliko ingekuwa katika mwendo wa kilomita 50. Kwa hiyo rangi ya kivuko peke yake haitoshi. Lazima kiwepo kitu cha kumlazimisha dereva kupunguza mwendo kabla hajafika.

Mfano hauko mbali. Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend liliendesha mpango wa kukagua na kurekebisha njia za kuendea skuli za msingi. Hawakujenga madaraja ya fahari. Waliweka njia za miguu, matuta, alama na nguzo za kuzuia gari, na palipokuwa na haja lango la skuli lilihamishwa kutoka barabara kubwa hadi upande wenye utulivu. Walipohesabu majeruhi kabla na baada ya kazi hiyo, walikuta wamepungua kwa kiasi cha robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa.

Mhandisi anayetaka kujua pa kuweka njia hana haja ya kuanza na karatasi. Penye majani yaliyokufa kwa kukanyagwa, penye tundu katika ua, na pale vijana wanapovukia kila siku ingawa kivuko kimechorwa kwengine, hapo ndipo njia ilipo. Mtu aendaye kwa miguu hapendi kuzungushwa. Ukimjengea njia asikopita, umejenga pambo.

Kwa hivyo tunapendekeza jambo moja lisilo na gharama. Wahusika wa barabara, polisi wa usalama barabarani, viongozi wa wilaya, sheha na wakuu wa chuo wakutane siku moja ya masomo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Gari waziache mbali. Waende kwa miguu pamoja na wanafunzi, kutoka darasani hadi kituoni, na kutoka kituoni hadi nyumba za kukodi. Wawemo wanafunzi wa kike, ambao ndio wanaojua kona ipi haipitiki usiku, na wawemo wenye ulemavu. Kisha warudi tena siku ya mvua kubwa ya masika, wakati maji yanapotuama pembezoni na kuwasukuma watu juu ya lami. Watakayoyaona, wayaandike; hiyo ndiyo ramani.

Watakuwapo watakaosema kwamba matuta yanawachelewesha wasafiri na kwamba fedha hazitoshi. Msafiri atapoteza dakika moja, nayo si hasara ya kulinganishwa na uhai. Ama fedha, ni rahisi zaidi kuiweka njia ya miguu, mtaro na taa wakati barabara inatandikwa kuliko kuja kuifumua baadaye. Tunaomba iwe kanuni kwamba hakuna mchoro wa barabara au wa chuo utakaopitishwa bila ya kuonesha aendaye kwa miguu atapita wapi.

Madereva nao wapunguze mwendo karibu na vyuo bila ya kungoja askari, na wanafunzi wavuke penye kuonekana. Lakini nasaha hazichukui nafasi ya njia. Mara nyingi tuta huwekwa baada ya mazishi, na wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Muhula ujao hauko mbali, na matembezi tuliyoyapendekeza hayahitaji zaidi ya jioni moja. Tunawaomba wahusika waitenge jioni hiyo.