Mtoto Aliyesimama Juu ya Mstari

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sumu ya madini ya risasi: mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu, chanzo chake kitafutwe na hatua zichukuliwe. Uzito wa agizo hilo umo katika maneno mawili, “au zaidi”. Tuseme mhudumu wa afya wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ana orodha ya watoto waliopimwa, na anataka kompyuta imwonyeshe wanaohitaji kufuatiliwa. Akichagua alama > badala ya ≥, mtoto mwenye 5 kamili hatatokea. Hakuna kengele itakayolia, wala hakuna kosa litakaloandikwa kwenye skrini. Kwa sababu hiyo alama ya ulinganisho inayowekwa kwenye kichujio cha jedwali ni uamuzi kuhusu nani aonekane na nani asionekane, na uamuzi huo unastahili kufanywa kwa kila safu peke yake, na mtu anayejua maana ya kilichoandikwa humo.

Katika programu nyingi za kompyuta ya mezani, jedwali huwa na kisanduku kidogo chini ya kichwa cha kila safu. Mtumiaji huandika thamani, na pembeni huwa kuna alama ndogo ya namna ya kulinganisha: sawa na, si sawa na, kubwa kuliko, ndogo kuliko, huanza na, ina. Mtengenezaji wa programu ndiye anayepanga alama ipi itangulie na zipi ziwemo katika orodha ya kuchagua. Asipopanga, chombo alichojengea humchagulia: mara nyingi maandishi hupewa “ina” au “huanza na”, namba hupewa “sawa na”. Chaguo hilo hutolewa bila kujua kama safu ni ya umri, ya simu au ya kipimo cha damu. Safu ya umri ikichujwa kwa “ina 1”, wataletwa wenye mwaka 1, 10, 15 na 21 kwa pamoja. Safu ya kipimo ikichujwa kwa “sawa na 5”, wataachwa wote waliozidi, yaani wale wenye hatari kubwa kuliko wengine.

Majina ya mahali hapa Lubumbashi yanatoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Kenya ni nchi, lakini hapa pia ni komini. Lubumbashi ni jiji zima, na pia ni komini moja kati ya saba za jiji hilo. Kampemba ni komini, na pia ni jina la zoni ya afya, na mipaka ya zoni za afya haifuati kila mara mipaka ya komini. Kwa hiyo “ina Lubumbashi” katika safu ya anwani inaweza kuleta jiji zima, ilhali “sawa na Kampemba” itamwacha aliyeandikwa “Kampemba, Bel-Air”. Safu ya aina hii inahitaji orodha maalumu ya majina na alama moja tu, “sawa na”. Safu ya maelezo ya daktari ndiyo inayofaa “ina”.

Namba nazo zina mitego yake. Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, ambamo desimali huandikwa kwa mkato: 3,5. Mashine iliyotoka kwingine huandika 3.5. Zote zikiingia katika safu moja, programu inaweza kuamua kwamba safu nzima ni maandishi. Hapo ulinganisho hufanywa herufi kwa herufi, na kwa kuwa 1 hutangulia 5, “12” huhesabiwa kuwa ndogo kuliko “5”. Mtoto mwenye zaidi ya mara mbili ya kiwango cha tahadhari hufutika kwenye orodha, na mwenye 6 hubaki. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: safu ikihifadhi na saa, sharti la “≤ 31/12/2023” huishia usiku wa manane siku hiyo inapoanza, na waliopokelewa mchana wake huachwa nje.

Mtego mgumu zaidi ni seli tupu. Chukua mfano wa jedwali la watoto 200: 30 wana 5 au zaidi, 150 wako chini ya 5, na 20 hawana jibu la maabara. Katika hifadhidata nyingi, kulinganisha na thamani isiyopo hakuleti “kweli” wala “si kweli”, bali “haijulikani”. Wale 20 hawatatokea ukichuja ≥ 5, na hawatatokea ukichuja < 5.

Mtu atasema mtumiaji ana uhuru wa kubadili alama mwenyewe. Anao, lakini atabadili tu kile alichokiona, na jedwali lililochujwa vibaya linafanana kabisa na lililochujwa vizuri. Mwingine atasema kupunguza orodha ya alama ni kumfunga mikono mtaalamu. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kumwachia mlango wa masharti ya kina, huku kisanduku cha kila siku kikibaki na alama zenye maana kwa safu yake. Wa tatu atasema kosa ni la aliyeingiza data. Mara nyingi ni kweli, lakini mipaka huhitaji uamuzi hata data ikiwa safi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Leuven uliochapishwa mwaka 2009, uliopima madini katika mkojo wa watu 351 wa Katanga, uliwagawa wakazi kwa umbali: chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani, na kilomita 3 hadi 10. Nyumba iliyo kwenye kilomita 3 kamili lazima iwe upande mmoja, na neno “chini ya” ndilo linaloamua.

Wanahisabati waliliona hilo zamani. Alama < na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot, miaka kumi baada ya kifo chake. Mwaka 1734 Pierre Bouguer aliongeza mistari ya usawa chini yake, kwa kuwa “kubwa kuliko” na “kubwa kuliko au sawa na” ni madai mawili tofauti. Katika mji ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na katika komini yenye mtaa mzima wa viwanda, tofauti hiyo ni ya afya. Mtengenezaji anayeandika ≥ 5 kama chaguo la kwanza, na kuweka chini ya jedwali mstari usemao “30 wameonyeshwa, 150 hawakutimiza sharti, 20 hawana kipimo”, ametumia dakika chache za kazi. Kwa dakika hizo mhudumu anajua ni akina nani wa kurudishwa maabara, na mtoto mwenye 5 kamili anaitwa kwa jina lake.